Mkutano wa Matabibu Ukae Wapi?

Kila inapozuka rai ya kuwaalika matabibu wa mataifa nchini kwetu, shauri huanza kwa maswali matatu ambayo kila mwandalizi ameyahifadhi moyoni: ukumbi unachukua watu wangapi, ndege hutua mara ngapi kwa juma, na nyumba za wageni zina vitanda vingapi. Ni maswali ya haki, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini kwa kuwa huulizwa mwanzo, aghalabu hulijibu kimyakimya swali la nne ambalo hakuna aliyeliuliza, nalo ni kubwa kuliko yote matatu: ni nani atakayepata kusema katika mkutano huo, na ni nani atakayesemewa.

Ili kulipima swali hilo kwa insafu, nimebuni baraza la watu wanne na kuwaketisha Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, kwenye nchi ya Unyanyembe ambayo misafara ya karne ya 19 ilikuwa vigumu kuikwepa, iwe yatoka Bagamoyo kwenda Ujiji, au yapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wa kwanza ni Mhazini, mtu aliyezoea kuandaa mikutano mikubwa na kutoa hesabu ya kila shilingi. Wa pili ni Mwalimu, msomi wa tarehe. Wa tatu ni Tabibu, mzee aliyestaafu. Na wa nne ni Mkunga, anayehudumu katika zahanati ya kijijini. Jambo waliloletewa ni hili: ikiwa Tanzania itajaliwa kuwa mwenyeji wa mkutano wa mataifa juu ya malaria na maradhi mengine yanayowamaliza watoto na mama wajawazito, je, mkutano huo ukae Arusha, mahali palipozoeleka, au uletwe Tabora?

MHAZINI: Ndugu zangu, mimi nasimama upande wa Arusha, wala sisimami kwa mazoea tu. Jengo la mikutano la Arusha lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 serikali yetu haikuliacha ligeuke gofu, bali mwaka uliofuata ilianzisha humo kituo cha mikutano ya kimataifa. Humo ndimo ilimokaa kwa miaka mingi Mahakama ya Kimataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda. Na kwa mintarafu ya utabibu wenyewe, Arusha ndiyo iliyopokea, Septemba 1988, mkutano wa tatu wa kimataifa wa UKIMWI na saratani zinazoandamana nao barani Afrika, na ni Arusha tena, Novemba 2002, walikokutana wataalamu wa malaria wa Afrika nzima kwa mara ya tatu. Mgeni atokaye Geneva au Manila akishatua uwanja wa Kilimanjaro, huwa amekwisha kufika. Mkalimani ana kibanda chake, umeme una mtambo wa akiba, na anayeugua ghafla hupelekwa hospitali bila kutafutiwa gari la kuazima. Mwenyeji mwema hujulikana kwa maandalizi yake, na taadhima ya nchi haichezewi kwa majaribio.

MWALIMU: Bwana Mhazini amesema kweli juu ya Arusha, nami sitampinga hata kwa neno moja. Ninalopinga ni dhana iliyojificha chini ya maneno yake, kwamba Tabora ni mgeni katika kazi ya kukutanisha watu. Mji huu, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya bara zima kabla Arusha haijawa mji. Burton na Speke waliingia hapa mwaka 1857 wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kutulia, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa wakiiendesha biashara yote kwa mabega na miguu yao. Reli ilifika mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi lake likafika Mwanza. Na Januari 1958, chama cha TANU kilipokuwa hatarini kupasuka juu ya uchaguzi wa kura tatu, ule uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, wajumbe hawakwenda kulitafutia jambo hilo ukumbi wa fahari. Walikuja Tabora, mji uliofikika kwa reli kutoka mashariki, magharibi na kaskazini, wakatoka na shauri ambalo mpaka leo huitwa Uamuzi wa Busara. Nchi hii imewahi kuamua katika mji huu jambo zito kuliko ratiba ya mkutano wa matabibu.

MHAZINI: Mwalimu, historia yako ni tukufu, lakini haimlazi mgeni. Wajumbe wa mwaka 1958 walikuwa wananchi wa nchi moja, wenye lugha moja, waliozoea kulala kwa jamaa na marafiki. Hawakuwa na haja ya wakalimani wala ya ndege ya kurudia. Fauka ya hayo, na mimi nitachukua ushahidi katika tarehe. Dokta James Christie, tabibu aliyekuwa Unguja wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 akionyesha jinsi maradhi yale yalivyosafiri kwa njia za biashara, kutoka pande za Bahari ya Shamu, kupitia nchi za ndani za Wamasai na kushuka Pangani hadi Unguja. Je, aliyajua hayo kwa kwenda kuishi Umasaini? Hasha. Alikaa Unguja, akawahoji watu wa misafara waliomjia kwa sababu Unguja ndipo walipokuwa wakikutana wote. Basi mji mkubwa wenye bandari ndio unaokusanya habari. Anayetaka kujua ya bara zima, na akae pale ambapo bara zima huja.

TABIBU: Hoja hiyo ni nzuri, Bwana Mhazini, nami naikubali mpaka katikati yake. Christie alijifunza kwa wapagazi na wafanyabiashara walioyaona maradhi kwa macho yao kijiji kwa kijiji, na aliweza kuwauliza kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamefika Unguja, si kwa barua ya mwaliko bali kwa kazi yao. Sasa nikuulize: katika mikutano yetu ya leo, nani ndiye mpagazi? Ni nani aliyeiona njia yote ya maradhi, kuanzia dimbwi la maji nyuma ya nyumba hadi kaburi la mtoto? Ni muuguzi wa zahanati, ni mhudumu wa afya wa kijiji, ni mganga wa wilaya anayehesabu dozi zilizobaki. Hao hawafiki Arusha kwa kazi yao. Watafika wakilipiwa, na kwa kuwa hakuna anayewalipia, habari zao hufika zikiwa zimeandikwa na mtu mwingine. Ukiniambia mkutano ukae panapokusanyika wenye habari, basi hoja yako inakuja Tabora kwa miguu yake.

MHAZINI: Lakini elimu ya tiba haikui kwa habari za kuona peke yake. Huhitaji maabara, huhitaji mabishano ya wataalamu.

TABIBU: Naam, na mabishano hayo yana mahali pake. Nitakutajia mikutano miwili ya saratani, yote ikiandaliwa na umoja wa kimataifa wa kupambana na saratani. Ule wa uvimbe wa Kaposi ulikaa Kampala mwaka 1961, katika mji ambao hospitali yake ya Mulago ilikuwa ikiwapokea wagonjwa wa uvimbe huo kwa wingi usiojulikana Ulaya; mgeni aliyekuwa na shaka aliweza kumwuliza daktari aliyewatibu. Ule wa uvimbe wa matezi wa watoto wa Afrika ulikaa Paris mwaka 1963. Ugonjwa huo wa pili daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wa Uganda, kisha mwaka 1961 akasafiri kwa gari, pamoja na wenzake wawili, maili zipatazo 10,000, akiuliza hospitali hata hospitali, nchi hata nchi, mpaka akaujua mpaka wa maradhi yale kwa mvua, kwa joto na kwa mwinuko wa ardhi. Sisemi kwamba waliokutana Paris walikosea. Nasema kwamba elimu ile ilipatikana barabarani, na kisha mazungumzo yake yakahamishwa mbali na barabara. Wakati mwingine ni lazima kuhamisha; lakini tusidhani kwamba kuhamisha hakugharimu kitu.

Na kuna gharama iliyo kubwa kuliko hiyo. Mkutano wa kimataifa wa UKIMWI wa mwaka 1992 ulipangwa kukaa Boston, mji usiopungukiwa na ukumbi, hospitali wala vyuo. Ukahamishiwa Amsterdam, kwa kuwa sheria ya Marekani wakati huo iliwazuia kuingia nchini wageni wenye virusi vya ugonjwa ule ule uliokuwa ukijadiliwa. Miaka 8 baadaye mkutano huo ulikaa Durban, kwa mara ya kwanza katika nchi isiyo tajiri, na mtoto wa miaka 11, Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi hivyo, akasimama mbele ya halaiki siku ya ufunguzi, akaiomba serikali ya nchi yake iwape dawa mama wajawazito. Tangu Durban, swali la kwa nini dawa ziko kaskazini na wagonjwa wako kusini halikuweza tena kuwekwa pembeni. Na mwaka 2022, mkutano huo ulipokaa Montreal, wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza, wakabaki kuutazama kwa mbali. Basi mlango wa mji ni sehemu ya mkutano, kama ilivyo sehemu yake hotuba ya rais.

MWALIMU: Naomba niongeze hesabu moja. Utafiti wa taifa wa afya na malaria wa mwaka 2022 uliwapima watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa nchi nzima, walioonekana kuwa na vijidudu vya malaria walikuwa kama asilimia 8. Mkoa wa Tabora uliongoza kwa kiasi cha asilimia 23. Arusha haikufika asilimia moja. Haya ni matunda ya mwinuko na ya juhudi za watu wa Arusha, nami nawapongeza. Lakini tukiwaita walimwengu waje wajadili malaria, tuwaite katika mkoa ambao umekwisha kuagana nayo?

MHAZINI: Mwalimu, hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonitia hofu! Hao wageni hawana kinga ya mwilini. Historia unayoipenda inaniunga mkono: Dokta Dillon, tabibu wa msafara wa mpelelezi Cameron, alifika Unyanyembe mwaka 1873, homa ikampanda hata akili ikamtoka, akajiua kwa bunduki alipokuwa akirudi pwani. Mwenyeji hamwiti mgeni wake kwenye homa. Wajibu wa kwanza wa mwandalizi ni siha ya waalikwa, na hilo sitalilegeza kwa ajili ya hoja yoyote, hata iwe tamu namna gani.

TABIBU: Usililegeze, Bwana Mhazini, kwa kuwa lina heshima. Lakini Dillon alikufa wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenezi. Leo mgeni wako atapewa vidonge vya kinga, atalala katika chandarua chenye dawa, na dirisha lake litakuwa na wavu. Tuwe wakweli: kila siku tunawahimiza wazazi wa mkoa huu waviamini vyandarua hivyo kwa uhai wa watoto wao. Ikiwa sisi wenyewe hatuviamini, pamoja na vidonge vya kinga, kumlinda daktari mzima kwa siku tano, basi hilo ndilo jambo la kwanza la kujadiliwa, na yote mengine yangoje. Na ikiwa twaviamini, hofu yako imekwisha.

MHAZINI: Hapo umenibana, Mzee wangu, nami siwezi kuikana mantiki yake. Lakini bado hatujamsikia mama aliyeketi nasi tangu mwanzo.

MKUNGA: Shikamooni, wazee wangu. Nimewasikiliza mkivutana juu ya Tabora na Arusha, na kila mmoja amenitaja au amemtaja mwenzangu, lakini hakuna aliyeniuliza kama nautaka mkutano huu. Nitajibu bila kuulizwa: nautaka, kwa masharti.

Kwanza niwaeleze sababu. Katika zahanati kama yangu watumishi ni wachache. Nikiondoka siku moja, mwenzangu huzalisha, huchoma sindano, huandika daftari na kufagia peke yake. Mkutano wa Arusha kwangu ni juma zima, pamoja na njia. Nitahitaji ruhusa, nauli, posho na mtu wa kunishikia zamu, na hata nikiyapata yote manne, nitakwenda nikiwa na wasiwasi juu ya mjamzito niliyemwacha. Mkutano ukiwa Tabora mjini, naondoka alfajiri, nasikiliza, nasema langu, na jioni niko zamuni. Ndugu zangu wa Sikonge, wa Ndala na wa Nkinga, ambako zipo hospitali za misheni zilizowatibu watu wa mkoa huu kwa miaka mingi, nao wataweza kupokezana siku kwa siku. Hapo hamtampata mjumbe mmoja wa wauguzi aliyeteuliwa kwa upole wake. Mtatupata kundi zima, pamoja na ubishi wetu.

Sharti la kwanza ni lugha. Mkinileta ukumbini nikae siku nzima nikisikiliza Kiingereza cha haraka, mtakuwa mmenipunguzia nauli tu, hamjanipa nafasi. Kiswahili leo ni lugha ya Umoja wa Afrika na ya jumuiya zetu za Kusini na za Mashariki. Basi na kiwe lugha ya mkutano huu, na Profesa naye avae vile visikizio tunavyovishwa sisi.

Sharti la pili ni stara. Najua desturi ya wageni; mkutano ukisogea karibu na wagonjwa, mtu hutoa wazo kwamba wajumbe wapakiwe katika mabasi wakatazame wodi ya watoto ya hospitali ya Kitete. Mama aliyekesha na mtoto mwenye degedege si maonyesho, na mkunga mwenye kuona haya kwa ajili yake atafunga mlango. Anayetaka kujifunza na aje wawili wawili, kwa idhini, avae koti afanye kazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazamwe.

MHAZINI: Mama, maneno yako yameniingia, nami sasa sisemi tena kwamba Tabora haifai, nauliza inafaa kwa watu wangapi. Mikutano hii huendeshwa kwa ada za wajumbe na kwa malipo ya makampuni ya dawa na vifaa yanayokodi vibanda vya maonyesho, na makampuni hufuata halaiki. Niletee wajumbe 2,000 nami nitakuletea fedha. Lakini wajumbe 2,000 siwezi kuwalaza Tabora. Nikiwaleta 300, vibanda vitapungua, na pengo la fedha litakuwa kubwa. Hata mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, ambao Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliuweka mbali na Geneva na New York, wakakutana wawakilishi wa serikali 134 kutamka juu ya afya ya msingi, ulikaa katika mji mkuu wa jamhuri, na nyuma yake palikuwa na dola kubwa iliyobeba gharama.

TABIBU: Basi walete 300. Kwani ni nani aliyeandika kwamba mkutano wa malaria lazima uwe wa maelfu? Tumezoea kuhesabu wingi wa watu kuwa ndio uzito wa jambo, halafu wingi huo ukatuchagulia mji, mji ukatuchagulia ada, na ada ikatuchagulia wasemaji. Mnyororo huo tuushike upande wa pili: tuchague kwanza wanaopaswa kusema, tuutafute mji wanaoweza kuufikia, ndipo tupime idadi kwa mji huo.

MKUNGA: Na uwe Julai, mvua zikiwa zimekwisha, njia zikiwa kavu na watu wamevuna. Msije Machi mkaniambia niwaache watoto wa homa nije kusikiliza habari za homa.

Hapo baraza langu likafikia ukingoni, na haki inanitaka nami niseme nilipoegemea. Kwa Mhazini nachukua kila tahadhari aliyoitaja na kuifanya sharti la lazima: mtambo wa umeme wa akiba, ndege iliyo tayari kumbeba mgonjwa, mpango uliokubaliwa na hospitali ya Kitete, na maji ya kutosha, ambayo tangu mabomba ya Ziwa Victoria yaufikie mji huu si ndoto tena. Nakiri pia kwamba mkutano wa wapasuaji wanaohitaji kuona mitambo mipya, au wa wataalamu wa maabara, utafaa zaidi Arusha au katika Kituo cha Julius Nyerere cha Dar es Salaam, na hakuna aibu katika kukiri hivyo, maana huko ndiko walipo wenye jambo hilo.

Lakini kwa maradhi ambayo mzigo wake uko vijijini, na dawa yake inategemea mikono ya wauguzi wasioweza kuziacha zamu zao, naona kwamba kuuhamisha mkutano ili ukumbi utoshe ni kosa la kupanga mambo kinyume. Ukumbi usipotosha, na wapunguzwe wajumbe kabla mkutano haujapelekwa mbali na watu wake. Fedha zikipungua, na zipunguzwe karamu, mabango na mikoba ya zawadi kabla haijaguswa nauli ya mkunga. Mkutano wa watu 300, ambao theluthi yao wametoka zahanati za Tabora, Kigoma, Katavi na Shinyanga wakisema kwa lugha yao, utawapa walimwengu habari ambazo wajumbe 2,000 waliotoka vyuoni hawatazipata hata wakae mwezi.

Kwa hiyo rai yangu kwa wizara, kwa vyama vya matabibu na kwa yeyote atakayeandika barua ya kuomba uenyeji ni moja, nayo haihitaji fedha kuitekeleza: ukurasa wa kwanza wa barua hiyo usiwe picha ya ukumbi wala orodha ya hoteli. Uwe orodha ya wale ambao bila wao mkutano hauna maana, pamoja na maelezo ya jinsi kila mmoja atakavyofika, atakavyosema, na atakavyorudi kazini. Mji utakaotimiza ukurasa huo, hata ukiwa mdogo, ndio upewe mkutano.